Sketi Nyeusi ya Zélie

Ungemuuliza Zélie Cabanel kwao ni wapi, asingekutajia mji. Angekupeleka nyuma ya chumba cha usukani, akuonyeshe kitanda kifupi kilichojengewa ukutani, aseme: "Hapa. Mama alinizalia hapa, wakiwa njiani na mzigo." Ungembana sana ndipo angekwambia kwamba dada yake Sidonie yuko Homps, mji mdogo kando ya mfereji.

Kitanda hicho kilikuwa ndani ya Lauseta, mashua ya mizigo ya mita thelathini, tumbo lote matangi ya divai. Baba yake aliiundisha tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akaipa jina la ndege mdogo wa mashambani. Zamani ilivutwa na farasi wawili waliotembea ukingoni. Baadaye ikafungwa injini. Mzee hakujaliwa mtoto wa kiume, akamwachia binti. Ila ofisini siku zile walitaka jina la mwanamume kwenye karatasi, basi wakaandika la mkwewe, Fulcran. Na Fulcran akaapa mbele ya mzee aliyekuwa mahututi, mkono juu ya usukani, kwamba Lauseta haitauzwa wala haitavunjwa maadamu Zélie anapumua. Nayasema haya mapema kwa sababu mpaka leo wapo wanaomtetea yule bwana, ati alikuwa mpole. Mpole, ndiyo. Hata paka ni mpole akishashiba samaki wako.

Mwaka tunaousema, malori yalikuwa yameshanyakua divai yote. Mashua zilizobaki kwenye mfereji ungezihesabu kwa vidole. Baada ya Pasaka, Lauseta ilishusha mzigo wake wa mwisho Toulouse. Fulcran akafuta mikono iliyojaa grisi, akamwambia mkewe, "Basi, mama. Tumemaliza. Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi? Sema kwa mdomo wako."

"Homps. Mbele ya kwa Sidonie, chini ya ile miti miwili. Tunafunga kamba, tunatupa ufunguo wa injini majini, tunazeekea humu humu."

"Nitafuga kuku ukingoni."

"Fuga hata mbuzi."

Zélie akambusu kwenye upara. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mnene, msemaji, mpenda sifa, tusimsingizie utakatifu. Miaka miwili nyuma aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, na tangu hapo waligawana kazi: Fulcran huruka ukingoni na kamba, Zélie hukaa nyuma na usukani. Sasa, anayeshika usukani wa mashua kama ile huona sitaha yote mpaka mwisho, lakini pua yenyewe ya mashua, ule upande wa nje unaotazama mbele, haioni hata kidogo. Na ikiwa tupu ndiyo kabisa, maana inakuwa imeinua pua juu. Wanaokuja mbele wote wanaiona. Yeye haioni.

Asubuhi ya kuondoka aliitafuta sketi yake nyeusi. Ilikuwa ya sufu nzito, aliishona mwenyewe kwa msiba wa baba yake, na baada ya hapo ikawa ya kanisani tu. Alitaka Jumapili aivae Homps.

"Fulcran, sketi yangu umeiona?"

"Mimi na sketi wapi na wapi? Labda umeiacha kwa dobi."

"Dobi gani? Tangu lini mimi nikawa na dobi?"

"Basi itaonekana," akasema, akashuka kufungua kamba.

Alikuwa pia ameviondoa vyungu vya maua vilivyokaa mbele miaka yote, akavipanga nyuma karibu na mkewe. Ati mbele kuna upepo. Zélie akaona mume anamjali.

Kwenye mfereji wetu kila baada ya mwendo kuna mlango wa maji. Unaingia kwenye chumba cha mawe, wanafunga nyuma yako, maji yanapandishwa au yanashushwa, wanafungua mbele, unaendelea. Aliyetangulia kufika ndiye wa kwanza kuingia, na kwa jambo hilo watu wameshatoana meno. Lakini siku ile, kwenye mlango wa kwanza tu, mashua mbili zilizokuwa zinasubiri zilisogea pembeni zikamwachia Lauseta njia. Zélie akadhani zimeharibika.

Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Kisha wakafika kwa Anselme. Huyo Anselme ni bawabu wa mlango aliyewahi kumwacha askofu ndani ya mashua juani mpaka amalize supu yake. Siku hiyo aliinuka mezani saa sita na robo, leso bado shingoni, akafungua. Akavua kofia. Akamletea Zélie mayai kumi na mawili ndani ya kikapu chenye majani makavu.

"Anselme! Unaumwa?" Zélie akamtania. "Leo umeshuka kitandani kwa mguu wa kulia?"

Anselme hakucheka. Aliweka kiganja kwenye ubavu wa mashua, akaupigapiga taratibu kama mtu anavyompigapiga ng'ombe wake, akasema, "Safari njema, mama Zélie," akageuka.

Walipotoka, Zélie alikuwa amevimba kichwa, si kidogo. "Umeona? Umeona, Fulcran? Watu wananipenda. Miaka arobaini na mmoja nawapikia maandazi kila mlango, sasa wanaona naondoka, roho zinawauma."

"Ndiyo," Fulcran akasema, akitazama maji.

Kesho yake Zélie alivaa hereni za arusi. Alichana nywele, akakaa kwenye usukani amenyooka, na kila aliyesimama ukingoni alimpungia mkono. Wanaume walivua kofia, wanawake walifanya ishara ya msalaba, naye anapunga, anatabasamu, anaita watu kwa majina. Jamani, nikikumbuka huko kupunga mkono nashikwa na hasira mpaka leo.

Castelnaudary walikutana na Léocadie, mwanamke wa mashua mwenzake, shoga yake na mshindani wake wa miaka thelathini. Hao wawili hawakuwahi kupishana bila kurushiana maneno: we mnene, we mvivu, maua yako yamekauka, mumeo kakonda. Siku hiyo Léocadie alizima injini, akasogeza mashua yake mpaka ikagusa majani ya ukingoni, akapanda Lauseta na sufuria ya maharage yaliyopikwa na nyama ya bata. Akamkumbatia Zélie akalia kwikwi.

"Shoga, una moyo wewe. Mimi nisingeweza kushika usukani mwenyewe."

"Kwa nini? Kibovu ni nyonga, mikono ninayo."

Léocadie akamtazama. Akamtazama na Fulcran, aliyekuwa anakunja kamba ambayo ilikwisha kunjwa.

"Acha kulia, mwenye wivu mkubwa we," Zélie akasema. "Jumapili ijayo njoo Homps unywe kahawa kwenye mashua yangu, chini ya mti, kama wenye nazo."

Léocadie akajiziba mdomo kwa kiganja, akashuka bila kuaga. Na sufuria akaiacha. "Kanuna," Zélie akasema. "Yatamwisha."

Sasa acha nikwambie walichokuwa wanakiona wote. Mashua inapopelekwa kuvunjwa, mwenyewe huitundikia kitambaa cheusi kwenye pua. Wengine wakikiona huipisha, kwa maana hakuna anayetaka kumchelewesha anayekwenda kufa. Na hakuna anayelitamka. Kwetu kifo cha mashua hakitajwi ukiwa juu yake wala karibu yake. Wazee walisema inasikia, na ikisikia inakata tamaa, inazama katikati ya njia na kuwafungia wote. Basi unavua kofia, unaleta mayai, unafunga mdomo. Mfereji mzima ulidhani Zélie anajua. Nani angewaza kwamba mtu anaweza kuiendesha mashua ya baba yake machinjioni huku amevaa hereni?

Fulcran alikuwa ameshatia saini tangu Kwaresima. Uwanja wa wavunjaji uko kwenye kona moja ya mfereji, saa moja kabla ya Homps. Aliweza kumdanganya mkewe, mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka arobaini na mmoja. Lakini mashua hakuthubutu kuinyima kitambaa chake, aliogopa mkosi. Hebu niambie, huyo ni mtu wa namna gani?

Jumamosi mchana walifika mlango wa Puichéric. "Mbele kidogo tutasimama," Fulcran akasema. "Saa moja tu. Kuna fundi ataangalia usukani."

"Usukani una nini? Mimi ndiye ninaoushika."

"Aangalie tu." Akashuka, akaingia nyumbani kwa bawabu kunywa gilasi moja. Alihitaji gilasi hiyo, nadhani.

Maji yalikuwa yanashuka polepole. Zélie alitazama vyungu vyake nyuma pale, akafikiria Homps. Mashua inayorudi nyumbani huingia na maua mbele. Watu wa Homps wangesemaje wakimwona anakuja na pua kavu, kama mashua ya kubeba kokoto? Akachukua chungu kimoja, akaanza kuchechemea kwenye sitaha. Mita thelathini, alipumzika mara tatu. Akafika, akapiga magoti kwa shida, akainama nje akitafuta ndoano ya kutundikia chungu.

Akakiona kitambaa.

Alielewa palepale. Aliwahi kuviona vingi mwaka ule, kwenye mashua za wenzake, naye alizipisha, naye alipeleka mikate akafunga mdomo. Kisha akaona pindo. Akaona mishono yake mwenyewe, na pale chini alama ya pasi, ambapo aliiunguza siku ya mazishi ya baba yake kwa sababu machozi yalimzuia kuona. Ilikuwa sketi yake. Kipande chote cha nyuma, kimekatwa kwa mkasi.

Chungu kikamponyoka kikatumbukia majini. Aibu ndiyo iliyomfika kwanza, kabla ya uchungu. Alimkumbuka Anselme na mayai. Alimkumbuka Léocadie na kiganja mdomoni. Alikumbuka kila mkono aliompungia kila mtu, kutoka Toulouse mpaka hapo. Akavuta hereni moja, akavuta ya pili, akazifumbata.

Fulcran akatoka kwa bawabu anapangusa masharubu. "Zélie! Huko mbele unatafuta nini na nyonga yako?"

"Njoo uniinue."

Akaja. Akaona pindo la kitambaa mkononi mwa mkewe, akaketi juu ya kifuniko cha tangi.

"Hii sketi yangu."

"Mama, nisikilize. Chini kumeoza. Kila alfajiri natoa maji kwa pampu wewe bado umelala. Haifiki majira ya baridi."

"Sijakuuliza chini. Nimekuuliza sketi."

"Sikuwa na kitambaa kingine cheusi."

"Toulouse nzima haina duka?"

Fulcran akakwaruza kutu ya kifuniko kwa ukucha.

"Ulisaini lini?"

"Kwaresima."

"Kwaresima! Tunakula dengu sahani moja, unanitazama machoni, unaniomba chumvi, na umeshasaini!"

"Nimetupatia nyumba, Zélie. Toulouse. Ghorofa ya nne, ina jua asubuhi."

"Ghorofa ya nne. Na nyonga hii."

"Nilitaka ufurahi hizi siku chache. Ningekwambia, ungelia njia nzima."

"Ningelia, ndiyo! Ningelia! Ni mashua yangu, ni haki yangu kulia, nayo umeniibia. Mfereji mzima unalia, mimi peke yangu nacheka. Nimewapungia mkono, Fulcran. Nimevaa hereni."

Fulcran akanyoosha mkono kumshika bega. Zélie akaurudisha mkono huo ulikotoka, kama mtu anayeondoa sahani iliyokwisha kuliwa.

"Shuka," akasema.

"Nini?"

"Shuka kwenye mashua ya baba yangu."

"Karatasi zina jina la—" akaanza, na hapo ndipo alipojimaliza mwenyewe.

"Shuka na karatasi zako!"

Bawabu na mkewe walikuwa dirishani, wanasikia yote. Fulcran akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kofia, kisha akapanda ngazi ya chuma ya ukutani, akasimama ukingoni. Zélie alikifungua kile kitambaa kwenye ndoano, akajitupia mabegani, akachechemea mita thelathini kurudi kwenye usukani. "Bwana bawabu," akaita, "fungua!" Bawabu akafungua, na kamba akazitoa yeye mwenyewe. Fulcran akabaki amesimama karibu na kabichi za watu.

Kwenye ile kona, wanaume watatu wa uwanja wa wavunjaji walitoka na kulabu zao ndefu wakainua mikono. Zélie hakupunga. Alizidisha mafuta, akapita katikati.

Mlango wa Jouarres ulikuwa na mashua mbili mbele yake. Pua ya Lauseta ilikuwa tupu sasa, haina kitu, na hakuna aliyesogea. Mmoja akageuka akamfokea: "We bibi, unasukuma nini? Panga foleni kama wenzako!"

"Napanga, baba," Zélie akajibu. "Napanga."

Akasubiri zamu yake kama mashua yoyote iliyo hai. Na ndipo alipolia, pale kwenye foleni, kwa sauti, na yule mfokaji akazima injini akiona haya, akidhani ni maneno yake.

Homps, Sidonie alikuwa anaanika shuka. Aliitupa kikapuni akaja mbio. "Zélie! Mbona uko peke yako? Fulcran yuko wapi? Na hicho cheusi mabegani, nani kafa?"

"Fulcran," Zélie akasema, akamrushia kamba.

Sidonie akafanya ishara ya msalaba, akaenda kumwambia padri. Hata misa ya marehemu ilikaribia kusomwa. Kesho yake ikajulikana kwamba marehemu ameonekana Puichéric akisubiri basi, na mji mzima ukacheka wiki nzima. Zélie hakucheka. Hakusahihisha pia.

Alilala siku tatu ndani ya Lauseta chini ya ile miti miwili. Jumanne wavunjaji wakaja na karatasi na mashua ya kuvuta. Hakubishana nao, karatasi ni karatasi, na maji yalikuwa yameshafika kwenye miguu ya kitanda, yule muongo kwa hilo alisema kweli. Mmoja wao alimweleza hivyo, kwa nia njema. "Ningezama nayo hapa hapa," Zélie akamjibu. "Kina chenyewe mita mbili." Kisha akaenda mbele mwenyewe, akakitundika kitambaa kwa mikono yake, akaweka na vyungu viwili vya maua pembeni, akashuka. Lauseta ikavutwa kurudi ilikotoka, na mashua zote zikaipisha.

Sketi iliyobaki, aliyoikuta imefichwa penye injini, haikuwa na nyuma. Alitafuta blanketi la kijivu la baba yake, akakata kipande, akakishona hapo. Aliivaa hivyo miaka kumi na mmoja, mbele nyeusi nyuma kijivu, sokoni, kanisani, kwa kuku wake. Kila Sikukuu ya Watakatifu Wote Fulcran alikuja kwa basi kutoka ghorofa yake ya nne, akakaa kwenye benchi kando ya mfereji, kofia magotini. Zélie alipita mbele yake na ndoo ya pumba. Watu wakimwambia, "Mumeo yule pale," aliwajibu kwa adabu kabisa: "Mmenifananisha. Mimi mjane."

Mwaka wa kumi na moja, mwezi wa pili, ikaja simu kutoka Toulouse kwamba Fulcran amefariki dunia. Sidonie alimpa dada yake habari hiyo taratibu, akamshika mkono, akangoja. Alipoona halii, akasema, "Basi, dada, twende Carcassonne tukakununulie sketi ya msiba. Hiyo hapana, watu watakucheka."

Zélie alijipangusa pumba mapajani, akaitazama sketi yake mbele, akaigeuza akaitazama nyuma.

"Ya nini?" akasema. "Hii ninayo tangu alipokufa mara ya kwanza."